Sultani Aliyepiga Hodi Chumbani Kwake

Sogeeni, sogeeni huku mkekani, mkono wangu uwafikie nyote. Wewe mwenye muwa, umalize sasa hivi ama uutie chini ya goti, maana hadithi yangu ina watu wanaonong'ona na sitaki wapotelee menoni mwako. Mlango uacheni wazi, tupate upepo. Nyamazeni. Nyamazeni zaidi, mpaka tumsikie yule kuku anavyojipanga juu ya mayai yake kule uani. Haya, nimemsikia.

Hapo zamani, katika mji ulioitwa Pangawazi, palikuwa na Sultani jina lake Zubeiri, mzito wa mwili na mwepesi wa hasira. Sheria zake zilimtoka kinywani kama mvuke unavyotoka chunguni, hakuna aliyejua lini wala kwa nini. Asubuhi akikanyaga mavi ya njiwa, ikawa sheria njiwa wasiruke juu ya mji. Jioni harufu ya vitunguu ikimwingia puani asipokuwa na njaa, ikawa sheria vitunguu vikaangwe ng'ambo ya mto. Mpiga mbiu akazunguka na pembe yake, watu wakaitika, "Naam, tumesikia," na njiwa wakaendelea kuruka, maana wao hawakuitika.

Basi katika mji huo huo palikuwa na maskini mmoja aitwaye Machano, ambaye watu walimwita Kiraka, kwa sababu kanzu yake ilitiwa viraka hata ikawa hapana tena akumbukaye ipi ndiyo kanzu. Kibanda chake hakikuwa na mlango. Mahali pa mlango alitundika gunia. Kazi yake ilikuwa kusuka makuti, na kina mama walipokwenda shamba walimwachia watoto wao, wakimwambia, "Kaa nao, Kiraka, wewe na wao akili zenu zimelingana." Naye akawashukuru sana, maana neno lile alilichukua kuwa sifa.

Sharti lake kwa watoto lilikuwa moja: asiingie mtu mpaka apige hodi mbele ya lile gunia, aitikiwe karibu.

"Lakini tunakuona, Babu Machano," watoto wakasema. "Gunia lina tundu."

"Na mimi nawaona. Pigeni hodi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hii ndiyo sheria ya kwanza mliyoikuta duniani. Haikutungwa na Sultani, wala babu yake Sultani. Humpata mwenye kasri, na humpata mwenye gunia. Sheria ikiwa hivyo, ishikeni."

Kisha akawachezesha mchezo wake. Yeye akajifanya Sultani, akajitwika ungo kichwani kuwa ndio kilemba, akasema kwa sauti nene, "Tangu leo, kila mwenye miguu miwili asile embe!" Na watoto wakauliza wote kwa pamoja, "Nani kasema?"

"Mimi!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... embe huwaumiza watu matumbo."

"Na yeye je?"

Hapo Machano hutazama miguu yake, mmoja, halafu wa pili, kama mtu asiyepata kuiona, na ungo humwanguka kichwani. Watoto hucheka mpaka wakagaragara. Basi ikawa ndiyo masomo yao, maneno matatu tu: nani kasema, kwa nini, na yeye je. Wapita njia walitikisa vichwa wakasema, "Maskini Kiraka, watoto wamemtia wazimu."

Ikawa siku moja Sultani Zubeiri akatamani karamu. Akatangaza kwamba kila nyumba ya Pangawazi itoe mbuzi. Askari wakatoka na kamba zao, wakaingia nyumba hadi nyumba, uani na vyumbani, wakivuta mbuzi kwa pembe na watu wakiwatazama tu.

Jirani yake Machano alikuwa Bi Mize, mjane mwenye magoti mabovu, akiishi na mjukuu wake Kazija, mtoto wa kike ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Walikuwa na mbuzi mmoja. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa uji wa Kazija asubuhi, na yaliyobaki ndiyo yaliyonunua mafuta ya kuchulia yale magoti. Mbuzi yule akienda, mambo yao yote yamekwenda.

Askari aliyefika kwao akiitwa Feruzi, pande la mtu, mkuki mkononi. Akapita mlangoni kama upepo. Kazija alikuwa amekaa chini anachambua mchele. Akainua macho.

"Wewe! Mbona hukupiga hodi?"

"Mimi askari wa Sultani," akasema Feruzi.

"Toka nje uanze tena."

Sasa sikilizeni vizuri. Feruzi alikuwa na mkuki, na Kazija alikuwa na ungo wa mchele. Lakini Feruzi naye alilelewa na mama, na mama yake alimtia neno lile kwa mwiko wa ugali, siku baada ya siku, mpaka likamkaa mwilini. Basi kabla hajafikiri, miguu yake ikageuka yenyewe. Akajikuta yuko nje, amesimama wima, anasema, "Hodi!"

"Nani?"

"Feruzi."

"Unataka nini, Feruzi?"

"Nataka mbuzi."

"Nani kasema?"

"Sultani kasema."

"Kwa nini?"

"Ana karamu."

"Na yeye je? Ametoa mbuzi wangapi?"

Feruzi akakuna shingo kwa ncha ya mkuki. "Hilo sikuambiwa."

"Kaulize."

"Mtoto we, nikaulize nitoke na kichwa? Nipe mbuzi niende zangu."

"Sheria imesema mbuzi gani?"

"Imesema mbuzi. Mbuzi ni mbuzi!"

"Mbuzi ni mbuzi?"

"Mbuzi ni mbuzi, nimesema!"

Kazija akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukalia, akampitishia mlangoni. "Mbuzi wetu huyu hapa. Hana kelele, na hali majani. Lakini meno yake angalia."

Kule uani mbuzi wa maziwa, ambaye hakuwa na akili kama za Kazija, akalia, "Mee!"

"Na yule je?" akauliza Feruzi.

"Yule yuko ndani," akasema Kazija. "Wewe hujakaribishwa."

Na ikawa kweli. Alikuwa amekwisha kupiga hodi, na aliyepiga hodi hawezi kuingia pasipo karibu. Akasimama mlangoni kitambo, akitazama ndani na kutazama alichopewa, kisha akaenda zake na mbuzi kwapani.

Kasrini askari wakapanga mbuzi wao mbele ya Sultani, beberu na majike, weusi na madoadoa. Zamu ya Feruzi ilipofika, akaweka mbuzi yake chini, taratibu, ikakaa kwa miguu yake ya mti, imetoa ulimi wa chuma. Mawaziri wakaanza kutafuna ndevu zao wasicheke.

"Ni nini hicho?" akauliza Sultani.

"Mbuzi, maulana."

"Feruzi, nakuuliza kwa wema."

"Mbuzi ya nyumba ya Bi Mize, maulana. Mwingine yupo, lakini yuko ndani, nami sikukaribishwa."

Sultani akahoji mpaka akayapata yote: mtoto, hodi, na yale maneno matatu. Akauliza ni nani afundishaye watoto kuhoji sheria za Sultani. Akaambiwa ni Kiraka, yule mwenye gunia. Akaagiza aletwe hapo hapo.

Machano alipofika mlango wa baraza kuu, akasimama nje akasema, "Hodi!"

"Ingia, mpumbavu we!"

"Hodi, maulana."

Sultani akasaga meno. "Karibu!"

"Starehe," akasema Machano, akaingia akakaa chini.

"Ewe Kiraka," akasema Sultani, "nimesikia wawaambia watoto kwamba hodi ni sheria ya kila mtu. Hata mimi?"

"Hata maulana."

"Basi nikuulize. Ardhi hii ya nani?"

"Ya maulana."

"Mitaa yake?"

"Ya maulana."

"Basi Pangawazi yote ni nyumba yangu, toka mto mpaka kilima, na askari wangu ni mikono yangu. Je, mtu hupiga hodi nyumbani mwake?"

"Hapigi, maulana. Akipiga, watu watamfunga kamba wakamtafutie mganga."

"Umehukumiwa kwa kinywa chako!" Sultani akafurahi, tumbo likamtikisika. "Lakini mimi ni mtu wa haki. Nakupa mpaka kesho jua kuchwa. Nifanye mimi, Zubeiri, nipige hodi kwa kinywa changu ndani ya mji huu, pasipo kuamrishwa wala kuombwa na mtu yeyote. Nisipopiga, utavuka mto usirudi tena, na nyumba ya yule bibi nitaibomoa, na mbuzi wake wote wawili nitawachukua, mwenye maziwa na mwenye meno."

Machano akainamisha kichwa. "Nimesikia, maulana. Naomba moja tu: neno lako hili, kwamba mji wote ni nyumba yako, lipigiwe mbiu leo hii, watoto wajue nilipokosea."

Sultani akaona ombi hili tamu kuliko asali. Pembe ikalia mtaa kwa mtaa: "Sikieni, enyi watu! Pangawazi yote ni nyumba ya Sultani Zubeiri! Kuanzia leo nyumba ni moja, na mwenyewe ni yeye!"

Jioni ile Bi Mize alimfuata Machano akichechemea, mjukuu nyuma. "Kiraka, umetuponza. Nyumba ikibomolewa, mimi na magoti haya nitakwenda wapi?"

"Bi Mize, hukusikia mbiu?"

"Nimesikia. Kumbe nyumba si yangu."

"Si yako, ndiyo. Sasa nyumba ni moja. Wewe ukiwa na usingizi, utalala chumba gani?"

Bi Mize akamtazama sana. Kisha akacheka kwa pua, akarudi nyumbani kuchana nywele.

Kulipopambazuka, watoto wote wa Pangawazi wakaenda kasrini. Feruzi alikuwa langoni. Akasema, "Leo hampigi hodi?" Kazija akamjibu, "Mtu hupiga hodi nyumbani mwake?" Feruzi akafikiri, akalipata jibu, akafungua.

Sultani alikuwa mbele ya sinia la vitumbua na asali. Akaona watoto wameketi kulizunguka, na mikono wamenawa.

"Shikamoo, baba!"

"Hawa... hawa watoto wa nani?"

"Wa nyumbani, maulana," akajibu Machano aliyekuwa kibarazani na makuti yake.

Mkewe Sultani, ambaye alihesabu vitumbua na vichwa vya watoto akaelewa yote, akafunga kanga kiunoni. "Siku zote nakwambia, bwana, tujenge jiko kubwa, nawe unasema tuko wachache."

Hawajamaliza asali, kina mama wakaingia. Mmoja akasema, "Baba mwenye nyumba, paa lako linavuja, pale upande ninakolala mimi." Mwingine, "Choo chako, kile cha mtaa wa chini, kimejaa, na leo nina wageni. Namaanisha, una wageni." Mzee mmoja akaja na kanzu chafu akauliza anayefua nguo za nyumba hii ni nani. Waliokuwa na mbuzi wao mle uani wakawafungua na kuanza kuwakama. Na wapishi wawili waliogombana sokoni tangu mwaka uliopita wakaja kugombana mbele ya Sultani, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye huamua ugomvi wa jikoni.

"Feruzi!" Sultani akapiga ukelele. "Watoe nje hawa!"

"Nje ipi, maulana?" akauliza Feruzi kwa adabu. "Mji wote ni ndani."

Machano hakuinua uso kwenye makuti. "Maulana akitaka, ni jambo jepesi. Ipigwe mbiu kwamba mji si nyumba yake."

Sultani akataka kumwita mpiga mbiu. Akakumbuka ahadi yake. Jua likichwa tu hajapiga hodi, ameshinda, na kesho yake atawatoa watu wote na neno lake limesimama. Akajisemea moyoni, "Nina haja gani ya kusema? Nitakwenda kulala, niamke jua limezama." Akaishika njia ya chumbani kwake, akiruka watoto waliolala ukumbini, masikio yakimvuma, na kichwa kikimgonga kama kinu cha mtama.

Akausukuma mlango. Umekomewa kwa ndani.

Akaupiga kwa kiganja. "Fungueni!"

"Shh!" sauti ikatoka ndani, ndogo, ikipuliza mahali pa meno. "Bibi kalala."

Alikuwa Kazija. Mke wa Sultani ndiye aliyewaingiza mle, akamwambia Bi Mize, "Jinyooshe, mama, nyumba yetu sote," na Bi Mize hakungoja kuambiwa mara ya pili.

"Mimi ndiye mwenye nyumba!" akasema Sultani.

"Najua, baba. Lakini bibi kalala."

Sultani akainua mguu auvunje mlango. Akasikia mle ndani mkoromo, mwembamba, wa bibi kizee aliyechoka. Mguu ukarudi chini. Hapana aliyemwamuru. Mwenyewe alikumbuka, sijui kwa nini, mlango wa mama yake alipokuwa mdogo, na yeye nje, anaogopa kuamsha na anataka kuingia. Ukumbi wote ulikuwa umenyamaza. Hata wapishi. Akaukwaruza mlango kwa ukucha wa kidole kimoja.

"Hodi," akasema polepole. "Hodi jamani."

"Nani?"

"Zubeiri."

"Zubeiri yupi?"

"Zubeiri... wa hapa hapa."

"Unataka nini?"

"Nataka kulala."

"Ngoja bibi aamke."

Na Sultani wa Pangawazi akaketi chini, mlangoni mwa chumba chake, akangoja. Alipochoka kungoja alisema tena hodi, na asipoitikiwa akanyamaza. Feruzi alimwona akatazama pembeni, kwa maana alijua inavyokuwa.

Hata baadaye komeo likavutwa, na Bi Mize akasema toka kitandani, "Karibu, baba, karibu ndani."

"Starehe, mama," akajibu Sultani, akanyanyuka. Ndipo masikio yake yalipoyapata maneno ya kinywa chake mwenyewe. Akageuka. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na dirishani jua lilikuwa bado liko juu, jeupe kabisa.

"Ulimi umeteleza," akasema.

"Umeteleza mara nyingi, bwana," akasema mkewe. "Tumeusikia sote."

Sultani akamtazama Machano, akamtazama Feruzi, akamtazama waziri wake mkuu, aliyekula vitumbua pamoja na watoto hata asali ikamganda ndevuni. Tumbo likaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika kizingiti, na kicheko kile, wanasema, kilikuwa cha kwanza ambacho watu hawakukiitikia kwa kuogopa.

Kisha akajikohoza, akasema kwa sauti ya mbiu, "Sikieni. Nyumba yangu inakoma ukutani kwangu. Kila mtu na nyumba yake. Mbuzi wote warudi kwao. Na tangu leo, hapana askari, wala waziri, wala mtoza ushuru, atakayeingia nyumba ya mtu pasipo hodi na karibu."

Watu wakataka kupiga vigelegele, lakini sauti ndogo ikawatangulia toka mlangoni:

"Na yeye je?"

 Bi Mize akamziba Kazija kinywa kwa ncha ya kanga, lakini neno lilikwisha kutoka.  Sultani akatazama miguu yake, mmoja, halafu wa pili.

"Na yeye pia," akasema.

Hapo ndipo vigelegele vikapanda.

Sultani akamwambia Machano, "Taka utakalo, ewe Kiraka. Shamba, kanzu, cheo, chochote."

"Maulana, mimi sina mlango," akasema Machano. "Watoto hunipigia hodi kwenye gunia, na gunia halina mlio."

Basi Sultani akaamuru mlango ung'olewe, ule ule aliopigia hodi, wenye nakshi na komeo la shaba, ukapelekwa kibandani kwa Kiraka. Ulikuwa mkubwa kuliko kibanda, ikabidi wabomoe ukuta upate kuingia. Na Machano, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, hakutaka kumwacha mwenzake wazi. Akampelekea lile gunia.

Walipokwisha kufa wote, urithi ukawa hivi. Mbuzi wa maziwa na kizazi chake wakarithiwa na Kazija, pamoja na nyumba ya bibi yake, ambayo hapana aliyeibomoa. Mlango wa Machano ulirithiwa na watoto wa mtaa, na kwa kuwa kibanda kilianguka kabla yake, ulisimama peke yake pale kilipokuwa kibanda, na watoto walipiga hodi mbele yake ingawa kushoto na kulia palikuwa peupe. Wajukuu wa Feruzi walirithi mkuki, nao wakautumia kuangulia machungwa. Mbuzi ya kukunia nazi haikurudi kwa mwenyewe. Mke wa Sultani aliipenda meno, ikabaki jikoni kasrini. Na mwana wa Sultani alirithi kiti, kilemba na lile gunia. Kiti alikikalia, kilemba alikivaa, na gunia aliliacha pale pale mlangoni pa chumba, wala hakumwagiza seremala yeyote atengeneze mlango mpya, maana nyuma ya gunia lenye tundu mtu husikia vizuri sana kila watu wanapouliza, kule ukumbini, na yeye je.